Majibu ya hoja za ukaguzi yasomwe kwenye mkutano wa mtaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu ukaguzi wa fedha katika halmashauri zetu za Dar es Salaam. Mimi ni mhazini wa kikundi cha wanawake, wengi wetu mama lishe na wauza genge.

Kila mwisho wa Machi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake, kisha Aprili zinafika bungeni. Redio zinachambua, daladala nzima inabishana. Ikifika Juni kimya. Wakati huo ndio mimi ningetaka kusikia: ile hoja ya ukaguzi, yaani kasoro ambayo CAG aliiona katika halmashauri yetu, imejibiwaje, na fedha imerudi?

Chukua mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. CAG alieleza zaidi ya mara moja kwamba marejesho hayaletwi. Mwaka 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Kikundi chetu, chenye katiba, akaunti ya benki na mihtasari ya vikao, kilisubiri muda wote huo. Kusitisha sikukupinga, maana fedha ilikuwa inapotea. Kinachoniuma ni kwamba mpaka leo hakuna aliyesimama mtaani kwetu akatuambia ni vikundi gani vya kata hii vilikopa na vimerejesha kiasi gani. Tuliadhibiwa pamoja na wasiolipa, na wasiolipa hatukutajiwa.

Halmashauri nyingine hutangaza kwa fahari kwamba zimepata hati safi. Ni jambo jema, lakini wananchi waelewe kuwa hati hiyo inahusu hesabu zilivyoandaliwa. Haimaanishi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri. Halmashauri yaweza kuwa na hati safi na bado ikawa na kurasa za hoja, zikiwemo za ushuru uliokusanywa kwa mashine za POS, zile za mkononi zinazotoa risiti, na usifike benki.

Yupo pia mkaguzi wa ndani, ambaye wengi hawamjui kabisa. Huyu yupo halmashauri mwaka mzima, anaona hati za malipo zikiwa bado mbichi, na angeweza kuzuia mambo kabla CAG hajafika. Shida ni kwamba ripoti zake za kila robo mwaka zinakwenda kwa Mkurugenzi, yaani kwa msimamizi wa fedha zile zile anazozikagua. Kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, sanduku lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Hakuna mwanachama anayeona kwamba tunamvunjia mwenyekiti heshima. Katika jiji la Portland, Marekani, mkaguzi wa jiji huchaguliwa na wakazi wenyewe kwa kura, hivyo hawajibiki kwa wale anaowakagua. Sisemi tuige hilo kesho. Nasema mkaguzi wa ndani alindwe, asihamishwe kwa sababu tu ameandika kisichopendeza, na madiwani waisome ripoti yake yote badala ya kusomewa muhtasari.

Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwahoji wakurugenzi, na inafanya kazi nzuri. Lakini Dodoma ni mbali. Mkutano mkuu wa mtaa uko hapa hapa, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Naomba katika kila mkutano isomwe karatasi moja: hoja za ukaguzi zinazoigusa kata yetu, jibu la halmashauri, fedha iliyorejeshwa na iliyobaki. Kisha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji. Taarifa hizo halmashauri inazo tayari, kwa sababu ni lazima imjibu CAG kwa maandishi. Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam (Ilala), Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni wanaweza kuanza na mkutano ujao.

Mhazini wa kikundi cha wanawake,
Dar es Salaam