Wanasiasa vuguvugu na haki za mashoga

Mhariri, naomba kanafasi kidogo.

Hawa viongozi wanaojiita marafiki wa mashoga mi wananichosha kuliko hata wale wanaopinga waziwazi, maana anayekupinga unajua kasimama wapi, ila huyu mwingine leo yuko na wewe kesho kura zikikaribia hakujui. Angalia Bill Clinton, 1996 alisaini sheria iliyoizuia serikali kuu ya Marekani kuzitambua ndoa za jinsia moja, akaisaini usiku wa manane bila sherehe wala kamera, halafu 2013 akaandika gazetini kuiomba mahakama iifute! Sheria kasaini mwenyewe jamani.

Obama naye, 2008 akiomba kura alisema ndoa ni ya mwanaume na mwanamke, baadaye eti msimamo wake "unabadilika", tukangoja weee mpaka Mei 2012 ndo akatamka kwenye tivii kwamba anaunga mkono, na hapo Biden makamu wake alikuwa ameshamtangulia siku chache tu. Sawa, alisema, na rais aliyeko madarakani kusema vile haikuwa kitu kidogo, hilo nampa.

Ila kiboko ni Angela Merkel, aliyekuwa kansela (kiongozi wa serikali) wa Ujerumani. 2017 aliwaruhusu wabunge wake wapige kura kwa dhamiri zao, ndoa za mashoga zikapita Ujerumani, yeye mwenyewe akapiga HAPANA. Sasa huyo tumshukuru au tumlaumu? Mi mpaka leo sijaamua.

Msomaji wenu