Yah: Malalamiko Kuhusu Wedding Cake Iliyonuka Nyasi Kavu

Edmonton, Alberta
11 Machi 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tovuti yenu inasema mteja aandike kwa lugha anayoimudu zaidi. Kiingereza ninacho, ila hasira zangu bado hazijakizoea.

Jumamosi ya tarehe 2 Machi nilinunua kopo lenu la gramu 3.5 za maua makavu ya bangi aina ya Wedding Cake, katika duka lenye leseni, kwa dola 41. Muhuri wa kodi ulikuwapo, haujaguswa. Nilifungua nikaingiza pua kungoja ile harufu. Haikuja. Iliyokuja ni ya nyasi kavu, harufu ya banda la ng'ombe wakati wa kiangazi. Ua la kwanza nililolishika lilipukutika vidoleni likawa unga. Ndani hamkuweka hata kile kipakiti cha kutunza unyevu.

Mimi si mgeni wa aina hii. Wedding Cake imezaliwa na aina nyingine mbili za bangi, Triangle Kush na Animal Mints, na anayeinunua huifuata harufu yake. Hakuna sukari inayotiwa mle. Jina la keki limekuja kwa ule utomvu mweupe unaolifunika ua kama sukari ya unga juu ya keki, na kwa namna linavyonukia ukilivunja. Mwanzo unapokewa na vanila na unga mtamu uliotoka jikoni sasa hivi, kisha nyuma yake pilipili manga na udongo kidogo. Hiyo pilipili ndiyo inayofanya utamu usikinaishe. Bila hiyo ingekuwa peremende tu.

Pilipili hiyo inatokana na kariofilini, mojawapo ya mafuta ya harufu yaliyomo katika ua, na hapo ndipo mliponigusa penyewe. Kariofilini imo pia katika karafuu, nami nimezaliwa Wete, Pemba. Marehemu baba alinifundisha kuijua karafuu kabla sijajua kusoma: ibane kwa ukucha. Nzuri itatoa mafuta. Iliyolala sana ghalani itabaki kavu, inanukia vumbi. Basi ua lenu nalo nililibana kwa ukucha uleule.

Najua mtakalojibu, maana kijana wa dukani alikwisha nijibu: kopo limeandikwa kwamba lilifungashwa tarehe 15 Januari, kwa hiyo mali ni mpya. Ndugu Meneja, kufungashwa si kuvunwa. Sheria ya Kanada inawalazimu kuandika namba ya toleo na tarehe ya kufungasha. Kuhusu muda wa kuisha, inatosha mkiandika kwamba haukubainishwa. Siku ya mavuno haimo. Ua linaweza kukaa pipani miezi, likatiwa koponi jana, likauzwa kwa jina la jipya. Huku nyuma limonini, ile ya maganda ya machungwa, na wenzake wameshapeperuka kwa hewa na joto.

Ukali siulalamikii. Asilimia 26 ya THC, kile kilevi cha bangi, mliyoandika huenda ilikuwamo, kwa sababu usiku ule nililala mapema. Lakini kuipima bangi kwa asilimia hiyo pekee ni kama kuipima biriani kwa pilipili yake. Ningetaka ukali tu ningechukua kopo la dola 22 lililokuwa rafu ya chini, wala yule kijana asingenishangaa.

Kwetu mtu akiuziwa bangi mbovu hana pa kushtaki. Akienda kituoni, atakayelala ndani ni yeye. Hapa ni biashara halali tangu tarehe 17 Oktoba 2018. Nina risiti, nimelipa kodi, na bei yenu inazidi ya vichochoroni kwa sababu mnaniahidi kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Mmeandika keki mkanipa majani.

Naomba mnijulishe siku yalipovunwa maua ya toleo hilo, na kama yalipigwa mionzi ya kuua vijidudu kabla ya kufungashwa. Naomba pia dola 41 zangu. Kuponi ya kununulia kopo jingine la bidhaa ileile msinitumie. Kama mnaweza, anzeni kuandika ubavuni mwa kopo kiasi cha kariofilini na limonini. Wapo wenzenu wanaoandika, na mimi huanza kusoma hapo.

Kopo na maua yaliyobaki, karibu gramu 3, nimeyaweka kabatini gizani, juu ambako watoto hawafiki. Mkitaka kuyakagua yapo, tumeni mtu. Nasubiri majibu ndani ya siku 14.

Mteja wenu

(Jina langu, nakala ya risiti na picha ya namba ya toleo vimo ndani ya bahasha.)