Nyie mnahesabu kilo, si samaki

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kuhusu fumbo la maneno lililochapwa pamoja na majibu yake. Hukuitoa barua ile, nami nikaamua kunyamaza. Nimenyamaza miaka 11. Ningeendelea kunyamaza, ila Jumapili iliyopita mwandishi wako alijaza ukurasa mzima kutuambia kwamba samaki wa baharini "wamerejea kwa kishindo", eti kwa sababu tani zilizopimwa mwaka huu zimezidi za miaka mitano iliyopita. Chini yake mkaweka picha. Picha nitairudia.

Mimi nilikuwa karani wa mizani. Kwa asiyeijua kazi hiyo: vyombo vikishusha, matenga yanaletwa kwenye mizani, karani anasoma kilo na kuziandika kwenye fomu, mvuvi anakwenda mnadani. Nimeifanya miaka 27. Hizo tani anazozishangilia mwandishi wako hutoka kwenye mikono kama yangu, na najua zinavyoandikwa. Fomu niliyoikuta siku ya kwanza ilikuwa na safu tisa: chewa, changu, pono, tasi, kolekole, nguru, papa, taa, na pembeni kabisa safu nyembamba iliyoitwa "mchanganyiko". Nilipostaafu, safu nane za mwanzo zilikuwa zikilala nyeupe siku nzima, na ile nyembamba ndiyo iliyobeba karibu kila kitu, hata tarakimu zikawa zinavuka mstari. Niliomba fomu mpya. Mkubwa wangu akaniuliza, "Jumla inatoka?" Nikajibu inatoka. "Sasa shida yako nini?"

Shida yangu nini! Nikusimulie siku moja tu.

Ulikuwa mwezi mpevu. Chombo kimoja kiliingia alfajiri kimelala majini kwa uzito. Chewa watupu, wakubwa, kila mmoja anahitaji mikono miwili kumwinua. Mizani yangu ikafika mwisho, ikabidi kila tenga tuligawe mara mbili. Samaki walikuwa wamejaa mayai, na mengine yalimwagika juu ya bamba la mizani nikawa nafuta kwa gunia ili nione namba. Vijana wale walikuwa wamegundua mahali chewa wanapokutana kutaga. Usiku wa pili wakarudi, na wa tatu, safari hiyo wakifuatwa na kila chombo kilichokuwa na kamba. Nahodha mmoja mtu mzima, ambaye mimi nikimwita baba ingawa hatukuwa na udugu, alisimama kando ya mizani akaniuliza, "Umeandika?" Nikamwambia nimeandika, baba. Akasema, "Basi andika na hili, kwamba wamechukuliwa wakiwa arusini." Nikacheka. Fomu haikuwa na safu ya arusi.

Mwezi ule kituo chetu kikaongoza kwa kilo. Tulitumiwa cheti cha pongezi, kikawekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule, mwangaza ule ule, nilipima chewa wanne. Mwaka wa tatu sikupima hata mmoja. Cheti kiliendelea kuning'inia pale mpaka naondoka. Nadhani kipo hadi leo.

Tangu siku zile nilinunua rula ya mbao na daftari langu mwenyewe, nikawa napima urefu, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza wala aliyenikataza. Nikaanza pia kusoma, jambo ambalo namshauri mwandishi wako. Chewa wengi hawatagi popote wanapojikuta. Wanasafiri kutoka miamba ya mbali hadi mahali pamoja, katika miezi ile ile, wakifuata mwandamo wa mwezi, na anayepajua mahali hapo anaweza kwa siku chache kuzoa samaki wa eneo zima. Tena wengi wao huanza maisha wakiwa majike, na baadhi wakishakua ndipo wanageuka kuwa madume. Ukichukua wakubwa tu, umewaacha majike bila waume. Huko Karibiani kuna chewa wa Nassau, naye alifanyiwa hivyo hivyo, na sehemu nyingi alizokuwa akikusanyika kwa maelfu ni maji matupu. Kwenye vitabu vya makarani wa huko, mwaka ule wa maangamizi bila shaka unasomeka kama mwaka wa neema. Ni sawa na mfugaji anayechinja zizi zima Jumamosi, akapima nyama, na Jumapili gazeti lako likaandika kwamba mifugo imeongezeka.

Kama mizani yangu ni ndogo mno kwa gazeti kubwa, basi nendeni Kanada, pwani ya Newfoundland. Samaki wao ni kodi (samaki, si ile tunayolipa, ingawa wote wawili hukamuliwa hadi tone la mwisho). Mwaka 1968 walivuliwa zaidi ya tani 800,000. Baadaye wakapungua, lakini kundi lilivyozidi kupungua ndivyo lilivyozidi kujibanza pamoja, na meli zilikuwa na mitambo ya mwangwi inayoonyesha lilipojificha, kwa hiyo nyavu ziliendelea kupanda zimejaa. Wavuvi wadogo wa kando ya pwani walilalamika kwamba samaki hawafiki tena na wanaofika ni wadogo. Wakajibiwa kwa takwimu: mbona meli zinajaza? Julai 2, 1992 serikali ikaufunga uvuvi ule, na watu zaidi ya 30,000 wakapoteza kazi. Waliambiwa wavumilie miaka 2. Zuio limekuja kuondolewa 2024, na hao kodi hata nusu ya wingi wao wa zamani hawajafika. Mhariri, hao walikuwa na wanasayansi, meli za utafiti na kompyuta. Sisi tulikuwa na mimi na gunia.

Na hizo "tani za dunia" alizozichomeka mwandishi wako katikati ya habari kana kwamba zinamsaidia, ningeomba azitazame tena. Uvuvi wa baharini duniani umekuwa ukizungukazunguka tani milioni 80 kwa mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Unaweza kuangalia mstari huo ulionyooka ukalala usingizi. Lakini FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hilo hilo linalotoa hesabu hizo, linasema mwaka 1974 makundi ya samaki yaliyokuwa yakivuliwa kupita uwezo wao yalikuwa asilimia 10, na kufikia 2021 yakawa asilimia 37.7. Inawezekanaje tani zisimame na samaki waishe? Inawezekana kwa sababu meli zimekwenda mbali zaidi, zikashuka chini zaidi, zikaanza kuchukua walichokuwa wakikitupa. Kilindini kuna samaki wanaoishi zaidi ya miaka 100 na ambao huchukua miaka 20 au 30 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Wavu ukipita pale umechukua wazee waliozaliwa kabla ya babu yangu, na karani anaandika: mchanganyiko. Halafu mwandishi wako analinganisha na miaka mitano nyuma! Kwa nini mitano? Mtaalamu wa samaki Daniel Pauly aliliandika jambo hili mwaka 1995, kwamba kila kizazi huifanya bahari kiliyoikuta kuwa ndiyo kipimo cha bahari nzima. Mwandishi wako hakuhitaji hata kizazi. Amejifupishia.

Kilo moja ya pono na kilo moja ya konyeza, yule wa majimaji anayewasha ngozi, ni kilo moja, mizani haina ubaguzi. Bahari inao. Pono hukwangua mwani usiyafunike matumbawe. Kikande huvunja na kula wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu myeusi wanaochoma watu miguu, na akiondolewa wao huongezeka mpaka wanaula mwamba wenyewe. Jamaica walikwisha kuwamaliza samaki wala mwani, na kazi yote ya kukwangua ikabaki kwa wale wa miiba peke yao. Mwaka 1983 ugonjwa ukaingia Karibiani ukawaua karibu wote. Kimbunga kilikuwa kimeshapita mwaka 1980, sikatai, lakini hapakuwa tena na wa kusafisha ili matumbawe yaote upya. Matumbawe yaliyokuwa yamefunika karibu nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 yakabaki chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji ya Namibia yalikuwa yamejaa dagaa. Wakavunwa mpaka wakaporomoka, na wataalamu walipokuja kupima wakakuta uzito wa konyeza umepita ule wa samaki. Kwa hesabu ya mwandishi wako, hiyo nayo ni neema, kwani konyeza ana kilo.

Sasa picha. Habari ya bahari, mmeweka perege. Perege, Mhariri! Samaki wa maji baridi, tena ukimtazama vizuri ni wa bwawani. Mwezi wa nne mliandika pomboo "na samaki wengine". Pomboo ananyonyesha. Kuna mtu pale ofisini kwenu anayelipwa kupitisha mambo haya kabla hayajachapwa, au mmempeleka kwenye fumbo la maneno? Na ukiacha perege, picha nyingine mnayoipenda ni ya mvuvi aliyekamatwa na kokoro, ule wavu wa kukokota, kaptula imemlowa, ameinamisha kichwa, wavu wake unachomwa moto nyuma yake. Simtetei mwenye kokoro, nimepima watoto wa samaki wake kwa miaka na walinitia uchungu. Lakini katika miaka yote niliyolisoma gazeti lako sijaona hata mara moja picha ya mwenye meli akiwa ameinamisha kichwa.

Kilichonifanya nitafute kalamu hasa ni aya ya mwisho ya habari ile, ambapo "mdau" asiyetajwa jina anasema kwa kuwa samaki wamerejea, sasa ni wakati wa kusaidia meli kubwa zaidi na kuzipunguzia bei ya mafuta. Yaani samaki wakipungua, meli isaidiwe ili iwafuate mbali, na wakionekana, meli isaidiwe ili iwawahi! Shirika la Biashara Duniani lilianza kujadili ruzuku za uvuvi mwaka 2001. Wakafikia makubaliano Geneva Juni 2022. Mkataba umeanza kufanya kazi Septemba 2025. Miaka 24, chewa wanaweza kuzaa, kukua na kumalizwa mara kadhaa. Na baada ya yote hayo, mkataba unazuia ruzuku kwa uvuvi haramu, kwa makundi yaliyokwisha kuvuliwa kupita kiasi na kwa bahari kuu isiyo na msimamizi, lakini lile la ruzuku zinazonenepesha meli na kuzijaza mafuta limeahirishwa, litazungumzwa tena. Mdau wako anaweza kulala salama. Haki yake ya kutoboa mtumbwi akiwa ndani yake haijaguswa.

Sitaki uombe radhi. Nataka ufanye mambo mawili. La kwanza, mnayo kurasa nne za michezo kila siku, na msimamo wa ligi haukosekani hata siku ya msiba. Tengenezeni msimamo wa samaki: jina la samaki, urefu wa wastani mwaka huu, urefu wa mwaka jana, saa ngapi chombo kilikaa majini kumpata. Wanaoshuka daraja wapigiwe mstari mwekundu. "Mchanganyiko" isiruhusiwe kushiriki.

La pili, mtumeni mwandishi wako akakae kando ya mizani yoyote, popote palipo na bahari, tangu mwezi mpevu hadi mwezi mpevu mwingine. Asiende na kamera. Apewe mkasi, na kazi yake ya kwanza iwe kuikata ile safu nyembamba kwenye fomu. Kisha apime samaki mmoja mmoja na kumwandika kwa jina lake. Rula nitaitoa mimi, naomba irudishwe. Ina sentimita 100. Alama za 10 hadi 20 zimefutika kwa kutumika, itabidi azikisie. Kuanzia 60 kwenda juu zinasomeka kama siku nilipoinunua.

Wako,
Karani wa mizani, mstaafu