Kabla ya Arobaini ya Mama, Tafuteni Daftari Lake

Kwenu wanangu wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, Tanga, mliofiwa na mama,

Assalaam aleikum. Poleni sana. Matanga yameanuliwa, majamvi yamerudi msikitini, na sasa naona mnajadili arobaini: mbuzi wangapi, mchele kilo ngapi, turubai la nani. Nawaomba myaweke hayo kando kwanza. Mama akiwa na deni, roho yake inalisubiri deni lile lilipwe, wala pilau halimlipii.

Tafuteni daftari lake. Mama zetu wengi huandika nyuma ya kalenda au kwenye daftari la shule la mjukuu. Ulizeni duka la mtaani, fundi cherehani, muuza samaki, kisha mwendeeni kijumbe wa upatu, yule anayekusanya fedha za mchezo wa kupokezana, maana hapo ndipo watoto wengi hukosea. Tuseme mchezo una watu 10, kila mmoja anatoa 50,000 kwa wiki. Kama mama alikuwa ameshapokea zamu yake na amefariki baada ya kutoa mara 5, anadaiwa 250,000. Kama zamu yake haijafika, hizo 250,000 alizotoa ni zake, na zinaingia kwenye mirathi. Fedha za kwenye simu ni vivyo hivyo. Kujua namba yake ya siri hakukupi haki ya kuzitoa.

Gharama za maziko hutangulia, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndiyo mirathi. Zikibaki milioni 12, akaacha mume, wana 2 na mabinti 2, na wazazi wake hawapo, mume ana robo, yaani milioni 3. Kila mwana anapata milioni 3, kila binti milioni moja na nusu. Shekhe akague hesabu yenu. Arobaini ichangieni mifukoni mwenu, msichote mali isiyogawanywa. Kama yupo mdogo asiyebaleghe, mtakuwa mnakula haki yake.

Sasa sanduku. Lisifunguliwe na dada mkubwa peke yake usiku, hata kama nia yake ni njema. Kaeni wote, hesabuni kanga, pelekeni bangili kwa sonara zikapimwe, andikeni. Ugomvi wa ndugu kwa kawaida huanzia kwenye kanga, nyumba hufuata baadaye.

Hizo kanga nazo msizigawe kama vitambaa. Someni jina la kila moja, mwandike pembeni alivaa wapi na nani alimpa. Shangazi na jirani ndio wanaojua. Wakiondoka, jina litabaki maneno tu. Mama alinunua kanga fulani kwa sababu fulani, na mara nyingi jibu alilomnyamazia mtu limeandikwa pale juu ya pindo la chini. Doti ambayo haijakatwa iacheni nzima. Za kuhifadhi zifueni bila wanga, zikauke kivulini mpaka ndani ya mikunjo, zifungeni kwenye shuka safi la pamba. Nailoni hushika jasho la pwani na ndani ya masika moja mtakuta madoa meusi ya ukungu. Sanduku la bati litandikeni kitambaa, kwani kutu haitoki. Karafuu wekeni ndani ya kifuko, zisiguse nguo, mafuta yake huacha alama. Kila miezi michache zikunjueni, mzikunje kwa mstari mwingine. Kanga hukatika pale pale ilipozoea kukunjwa.

Na kikombe chake cha kupimia msikitupe. Mkate wake wa kumimina hamtaupata kwa kikombe kingine, maana "vikombe viwili vya mchele" alivyowaambia ni vya kikombe kile kile chenye mpini uliovunjika. Pimeni sasa kinabeba kiasi gani, muandike.

Kubwa kuliko yote ni njia alizopita. Andikeni majina ya wote aliokuwa akiwatazama: mama mdogo wa Pangani, wifi wa Muheza, jirani mgonjwa wa mtaa wa pili. Gawaneni majina hayo, kila mtoto mmoja au wawili, kila mwezi. Asiende mtu mikono mitupu: kilo mbili za sukari, majani ya chai, na muda wa kukaa. Anayeishi Dar es Salaam apige simu wiki ile ile. Mkifika, semeni: "Mama alikuwa anakuja, sasa tumekuja sisi."