Geneva tuna kiti, lakini mkataba wa waliotoweshwa umelala

Mhariri,

Kenya ni mmoja wa wanachama 47 wa Baraza la Haki za Kibinadamu la Umoja wa Mataifa, muhula wa 2025 hadi 2027. Wajumbe wetu wako Geneva pamoja na wanaojadili Sudan, Gaza na Myanmar. Sina neno na hilo, na wanaoumia huko ni binadamu wenzetu. Langu ni kuuliza habari ya mkataba mmoja tu.

Tarehe 6 Februari 2007, siku ile ile ulipofunguliwa kutiwa saini jijini Paris, Kenya ilitia saini Mkataba wa Kimataifa wa Kuwalinda Watu Wote dhidi ya Kutoweshwa kwa Nguvu. Basi. Hadi leo hatujauridhia. Katiba yetu, kifungu cha 2(6), yasema mkataba ulioridhiwa huwa sehemu ya sheria za Kenya. Uliotiwa saini tu haumfungi afisa yeyote pale kituoni.

Mimi ni mpiga chapa. Riziki yangu ni hati za kiapo, mikataba ya nyumba na barua za watu, si mbali na mahakama hapa Mombasa. Kwa hiyo wanaokuja na bahasha ya kaki yenye nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na picha ya pasipoti nawajua kabla hawajaketi. Mmoja alikuwa bibi wa Kisauni, mumewe alibebwa baada ya sala ya Isha na watu wasio na sare. Alipomaliza kunitajia tarehe na rangi ya gari, aliniuliza jambo ambalo halimo katika hati yoyote: "Dada, nikae eda au nimngoje?"

Eda ya mjane atakaaje, na mume hajulikani yuko hai au amekufa? Cheti cha kifo hapewi. Ploti ina jina la mume, pesa za benki zina jina la mume. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, mtu huhesabiwa amekufa asiposikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia. Mtoto aliyeachwa Gredi ya 1 atakuwa yuko Gredi ya 8. Kadhi aweza kumvunjia ndoa akiomba, lakini yule bibi hakuja kutafuta talaka. Alikuja kutafuta mume.

Wengi hawajui kwamba mkataba huu umemfikiria mtu kama yeye. Ibara ya 24 inamhesabu mwathiriwa kuwa ni aliyetoweshwa pamoja na kila aliyedhurika kwa kutoweshwa kwake. Inampa jamaa haki ya kujua ukweli. Na inaitaka serikali itengeneze hali ya kisheria ya familia, yaani ndoa, mali na matunzo, hata kabla mtu hajapatikana. Kina mama wa Buenos Aires, Argentina, walioanza kuzunguka uwanja wa Plaza de Mayo mwaka 1977 wakidai watoto wao waliotoweshwa, wangelielewa swali la bibi yule bila mkalimani.

Najua jibu litakalokuja: kwamba wanaobebwa ni washukiwa wa ugaidi. Hilo Pwani tumelisikia miaka mingi. Vijana walipoanza kubebwa baada ya maandamano ya Juni 2024, nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki ipigwe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu visa 82 kufikia mwisho wa mwaka ule. Lakini kina mama wa Majengo na Kisauni walikuwa wakizunguka na picha zamani, na mitaani waliambiwa "lazima kuna alilofanya". Kama lipo, kifungu cha 49 cha Katiba kimeshasema: mfikishe mahakamani ndani ya saa 24. Na ibara ya 1 ya mkataba inasema hakuna hali yoyote, iwe vita au hatari nyingine, inayohalalisha mtu kutoweshwa. Pengine ndiyo maana unaogopwa.

Utaratibu wa kuridhia upo, uko katika sheria ya mikataba ya mwaka 2012: Baraza la Mawaziri hukubali, kisha Bunge hujadili. Wabunge wa Pwani, mnaofika kwenye matanga na harusi zetu, ni nani kati yenu ameuliza bungeni mkataba huu umekwama ofisi gani? Msipouliza nyinyi, kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Familia yoyote inayotaka kuliandika ombi hilo ije na bahasha yake. Kuchapa sitaitoza.

Bi S. A.,
Majengo, Mombasa