Vijana wa umisheni waandaliwe vyema

Mhariri,

Likizo iliyopita, mimi na wanafunzi wenzangu wa kanisa letu hapa Nairobi tulisafiri kwa umisheni hadi Blantyre, Malawi, mji ambao kanisa lake la matofali la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lililojengwa na Waskoti pamoja na wenyeji, limesimama tangu mwaka 1891. Tulikwenda kuhubiri. Hata hivyo, mama aliyetukaribisha, kabla hajatupakulia nsima, yaani ugali wa Malawi, alimmiminia kila mmoja wetu maji mikononi huku akimwombea kwa jina, na tendo hilo lilinigusa kuliko mahubiri yetu yote. Ninayasihi makanisa yawafundishe vijana Kichewa kidogo na historia ya wenyeji kabla ya safari, na yawaalike Wamalawi nao waje kutuhubiria katika mitaa yetu ya Kayole na Kawangware.

Mwanafunzi,
Nairobi