Risala ya Klabu ya Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Ndugu mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Ulipopita kwenye meza yetu uliona namba ikibadilika kwenye kioo kidogo. Namba ile ni kina cha maji katika tangi lililo nyuma ya bweni. Inafika pale bila waya, bila laini ya simu na bila bando, kwa mawimbi ya redio ya megahezi 433 ambayo nguvu yake haizidi miliwati 10, yaani sehemu moja ya mia ya wati.

Ndugu mgeni rasmi, kuwasha moduli mbili, yaani vibao vidogo vya redio, zikasalimiana juu ya meza ni kazi ya mchana mmoja. Kuzifanya zisikilizane masika na kiangazi ndiyo elimu tunayoitafuta.

Mawasiliano yanapokatika, wengi hufikiria kuongeza nguvu ya kurusha. Sisi tunaanza na umeme. Kwa mfano, moduli ya aina nyingine, nRF24L01, inayotumia gigahezi 2.4, inataka volti 3.3, ukiipa volti 5 kwenye pini yake ya umeme, inaungua. Hata ikipata volti sahihi, inapoanza kurusha huvuta mkondo ghafla, volti zinashuka kwa muda mfupi ambao multimita ya kawaida haiwahi kuuonyesha, na ujumbe unapotea. Mara nyingi dawa yake ni kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme na kuutoa haraka unapohitajika, ya mikrofaradi 10, iliyochomelewa karibu kabisa na pini za umeme. Inatuuma kuona moduli nzima zikitupwa kwa kukosa kapasita hiyo.

Umeme ukiwa sawa, tunaangalia antena. Kwa megahezi 433.92, urefu wa wimbi ni kama sentimita 69, na robo yake ni sentimita 17.3. Waya ulionyooka wa kipimo hicho unaushinda waya mrefu uliokunjwakunjwa ndani ya boksi la bati. Kimo nacho kina uzito mkubwa kuliko tulivyodhani. Kwa umbali wa mita 500, njia ya mawimbi haya hutanuka katikati hadi karibu mita 9 kila upande wa mstari ulionyooka. Humo huingia ukuta, mahindi mabichi na hata ardhi yenyewe. Kupandisha antena juu ya paa kunasaidia kuliko kununua moduli yenye nguvu zaidi, na hakumsumbui jirani.

Vipokezi vya bei nafuu vya megahezi 433 vina tabia moja ya kuzingatia: pasipo ujumbe, hujiongezea usikivu mpaka vinatoa kelele tupu. Kwa hiyo kila ujumbe wetu una alama ya kuanzia, namba ya mtumaji na namba ya uhakiki. Ujumbe usiotimiza hayo tunautupa, usitupatie kina cha maji cha uongo.

Ndugu mgeni rasmi, masafa ya redio yasiyohitaji leseni, kama haya yetu ya megahezi 433, yana masharti: nguvu iwe ndogo, usiwaingilie wengine, na uvumilie kuingiliwa. Rimoti za mageti na funguo za magari zimo humohumo, ndiyo maana tunatuma ujumbe mfupi kisha tunanyamaza. Tumekataa pia moduli za megahezi 915 ingawa zinapatikana kirahisi mtandaoni. Zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Huku kwetu masafa hayo yamepakana na ya simu za GSM, ambazo hutuma kwenda mnarani kati ya megahezi 880 na 915.

Tuna maombi mawili. Kwanza, kipokezi cha RTL-SDR cha kuchomeka kwenye kompyuta, ili tuyaone mawimbi badala ya kubahatisha. Pili, na hili ndilo kubwa kwetu, utusaidie kuwafikia wataalamu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, watuandalie karatasi moja kwa Kiswahili inayotaja masafa yanayoruhusiwa, kiwango cha nguvu na masharti yake, tuibandike ukutani juu ya meza ya kazi, na nakala ziende kwa shule nyingine za wilaya hii zinazotaka kuanza.

Tunaomba kuwasilisha.